Siwatu na Mbio Salama za Tengamano

Nchi ya Tengamano haimo katika ramani yoyote, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu ingekuwamo tungelazimika kuomba kibali kabla ya kuisimulia. Msomaji akiona mahali panafanana na kwao, ajue macho yamemchoka. Apumzike kidogo, kisha aendelee.

Wakubwa wa nchi hiyo hawaamini neno ambalo halijatolewa jasho. Simu wanazo, mtandao wanao, kompyuta zao zimefunikwa vitambaa vya kufuma zisiingie vumbi. Lakini bahasha isiyoletwa na mtu anayehema haina uzito mezani. Ndiyo maana jiji kuu, Fahari, limejaa matarishi wa baiskeli, watu wanaoshinda barabarani wakipeleka mikataba, mihuri, vipimo vya hospitali na kadi za harusi, huku magari yakiwapigia honi kana kwamba wao ndio walioharibu lami.

Siwatu alikuwa mmoja wao, ila yeye aliendesha kwa mikono. Polio ilimnyang'anya miguu kabla hajaijulia matumizi, basi fundi mmoja akamuundia baiskeli ya magurudumu matatu, pedali zikiwa mbele ya kifua na kasha la mizigo nyuma. Mabega yake yalikuwa mapana kama ya kuli wa bandarini. Ulimi wake haukuhitaji kutiwa mafuta.

"Dada, pisha! Hii barabara ya wazima!" dereva mmoja wa teksi alimpigia kelele wakiwa kwenye foleni.

"Ningekupisha, kaka, ila naona uzima wako wote umeishia kwenye honi."

Matarishi wa Fahari walikuwa na mila yao. Mara moja kwa mwaka walikimbizana jijini, katikati ya magari, na mkimbizano huo waliuita Mfukuzano. Hapakuwa na bendera, wala mgeni rasmi, wala kibali. Mtu mmoja alitaja vituo, kila mkimbiaji akajichagulia njia, bila ruhusa ya kuomba msaada wa mtu, na kila alipofika kituoni alivalishwa mkononi mpira wa kufungia faili. Aliyerudi wa kwanza na mipira yote alichagua eneo la kufanyia kazi mwaka mzima. Wa pili akachagua katika yaliyobaki, wa tatu vivyo hivyo, hadi wa mwisho, ambaye hakuchagua kitu. Huyo alikabidhiwa Kilima.

Mila ile ilikuwa na kasoro zake. Watu walipoteza meno humo. Lakini haikumuuliza mtu amesoma wapi, ni mtoto wa nani, ana baiskeli ya namna gani. Mlango wake ulikuwa barabara, na barabara haina ngazi.

Kilima ndiko ziliko wizara, kwa kuwa wakubwa wa Tengamano hupenda kuwatazama wananchi bila kujichosha kuinua shingo. Njia ya kupandia huko imesimama kama ukuta. Bonde, kwa upande wake, ni tambarare kama kikaango, limesongamana maduka, zahanati na ofisi za mawakili, na mizigo yake haiishi. Miaka yote Siwatu alikuwa akirudi katikati ya kundi na kuchagua Gulioni, eneo la wastani lenye mteremko wa kuvumilika. Mwaka huo Gulioni haikuwapo tena. Ilikuwa imebomolewa kupisha bango linaloeleza kitakachojengwa.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi. Apate Bonde au aache kazi. Huko kwingine kote kulikuwa na vilima, na mikono yake ingeweza kumpandisha mara moja kwa siku. Na tarishi anayefika mara moja kwa siku si tarishi, ni mtalii.

*

Wiki chache kabla ya Mfukuzano, Makoba, bingwa wa miaka mingi na mwenye Bonde, alitumbukia katika shimo la maji taka katikati ya Barabara ya Maendeleo. Zamani shimo lile lilikuwa na mfuniko. Mfuniko ukaenda kuuzwa chuma chakavu, kama ilivyo desturi ya mifuniko ya huko. Makoba alitolewa kwa kamba, mtulinga umevunjika, mdomo mzima.

"Nimeyaona mambo ya serikali kwa ndani," alisema wakati Siwatu akimfuta uso kwa kanga. "Yanafanana na ya nje."

Serikali ya Tengamano ni sikivu. Jua halijazama, askari aliletwa kulilinda shimo. Kesho yake shimo likazungushiwa uzio. Keshokutwa likawekewa taa, kisha kibanda cha mlinzi, kisha kibao: SHIMO LA SERIKALI. USIPIGE PICHA. Likatengewa fungu katika bajeti, nalo likawa shimo lenye maisha mazuri kuliko matarishi wengi.

Siwatu alisimama kwenye uzio akamwita askari, Koplo Ndauka, mtu mpole mwenye mwavuli.

"Koplo, shikamoo. Ule mfuniko si ule pale kwa muuza vyuma? Mimi nauona kutoka hapa."

"Marahaba. Hata mimi nauona, dada. Kila siku nauona."

"Sasa si uchukuliwe, urudishwe?"

Koplo Ndauka alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Shimo likifunikwa, mimi nitalinda nini? Nina watoto, dada yangu. Shimo hili linasomesha."

Siwatu akageuza baiskeli yake, akaendelea na mizigo.

Wiki ileile Waziri wa Usalama na Ufikivu, Mheshimiwa Daktari Pakacha, alikuja kulitembelea shimo. Alivaa kofia ngumu ya njano na buti za mpira, ingawa hakukusudia kulisogelea. Akalihutubia taifa akiwa amelipa shimo mgongo.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumechunguza. Shimo halikukimbia. Shimo limekaa pale kwa utulivu miaka mingi, likiheshimu sheria zote za barabarani. Nawauliza sasa, aliyekimbia ni nani?"

Makoba, mkono ukining'inia shingoni, akanong'ona, "Nilikuwa napeleka barua yake mwenyewe. Imeandikwa HARAKA kwa wino mwekundu."

"Chanzo cha ajali ni mwendo," Waziri akaendelea, "na chanzo cha mwendo ni tamaa ya kufika. Kwa hiyo kuanzia leo ule mchezo wa kihuni uitwao Mfukuzano ni marufuku. Lakini serikali yenu haiwanyang'anyi kitu bila kuwapa kingine. Tutawaandalia Mbio Salama za Taifa, zilizo wazi kwa kila mwananchi, zikiwa na usalama wa asilimia zote na ufikivu wa asilimia zinazobaki. Na maeneo ya kazi yatagawiwa hapo, kwa haki, mbele ya kamera."

Watu wakapiga makofi. Kule huwa hawajui la kufanya na mikono yao.

*

Siwatu alikwenda kujiandikisha siku ya kwanza. Karani aliitazama baiskeli yake mbele, akaizunguka, akaitazama nyuma.

"Hii si baiskeli," akasema. "Ina gurudumu la ziada. Na unaitumia kwa sababu ya maradhi. Hiki ni kifaa tiba. Kifaa tiba hakishindani."

"Ninakifanyia kazi, kaka. Kinabeba mizigo kilo na kilo."

"Basi ni kifaa tiba chenye mizigo. Nenda Ofisi ya Ufikivu ukakate rufaa."

Ofisi ya Ufikivu ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lililo sokoni. Ilikuwa na lifti nzuri sana iliyotengwa kwa ajili ya walemavu. Kuipanda kulihitaji kadi maalumu, na kadi zilitolewa juu. Kwa kuwa hakuna mlemavu aliyewahi kufika huko juu kuichukua, lifti ilikuwa imepigwa kufuli isije ikachakaa.

Mlinzi wa mlangoni alimpigia simu Afisa Ufikivu, Bwana Chitemo, naye hakusita. Alitokeza dirishani na kipaza sauti cha mkononi, maana Sera ya Ufikivu inasema mwananchi asiyeweza kufika ofisini afikiwe kwa sauti.

"MWANANCHI, KARIBU SANA! OFISI IKO WAZI!"

Soko zima likainua vichwa.

"Nataka kushiriki mbio!" Siwatu akapaza sauti.

"VIZURI! KWANZA TAJA ULEMAVU WAKO! USIOGOPE, NI SIRI YAKO NA SISI!"

Muuza mihogo aliyekuwa karibu akamwonea huruma. "Miguu, afisa!" akaitikia. "Hatembei! Wote hapa tunajua, wewe endelea!"

"ASANTE, MAMA! WEWE NI NDUGU YAKE?"

"Namuuzia mihogo!"

"BASI HUWEZI KUMSHUHUDIA! UNA MASLAHI!"

Soko likacheka. Siwatu alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa amezoea kutazamwa, lakini hakuwa amezoea kutangazwa.

"Mnasema baiskeli yangu ni tiba! Kwa nini?"

"KWA SABABU INAKUSAIDIA KUTEMBEA! KINACHOMSAIDIA MTU KUTEMBEA NI TIBA!"

"Na gari la Waziri? Lenyewe linamsaidia kufanya nini?"

Kipaza sauti kikapiga ukelele, kikazima. Kiliporudi, sauti ilikuwa ya chini kidogo. "DADA, HUKO SASA NI KWENYE SIASA. NGOJA NIKUPE HABARI NJEMA. HUTASHINDANA, LAKINI UTAKAA JUKWAANI. WEWE NDIWE MGENI WA HESHIMA WA UFIKIVU. ENEO LAKO UTAPEWA BILA JASHO."

"Sitaki kupewa! Nataka kulikimbilia kama wenzangu!"

Lakini dirisha lilikuwa limeshafungwa. Muuza mihogo akamkatia kipande, akakinyunyizia pilipili, akamwekea mkononi.

"Kula, mwanangu. Afadhali wewe wamekutokea dirishani. Mimi nilipokwenda na ya kwangu niliambiwa afisa yuko kwenye semina ya kusikiliza wananchi."

*

Mbio Salama za Taifa zilifanyika siku ya mapumziko, na hakuna awezaye kukana kwamba zilikuwa salama. Mbele kabisa lilitangulia gari la Waziri, na kanuni ilikataza kulipita, kwa kuwa kupitana ni mama wa ajali. Waziri alikuwa akipunga mkono. Gari la mtu anayepunga mkono haliendi haraka, basi matarishi wakaburura miguu chini nyuma yake wasianguke. Kila mmoja alipewa kofia ngumu. Zote zilikuwa za saizi moja, ya kichwa cha Waziri, nazo zikawafunika wengi macho, hata wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Waliogongana walitibiwa na gari la wagonjwa lililofuata nyuma, isipokuwa wawili, ambao gari hilo ndilo lililowagonga.

Siwatu aliyaona yote kwa mgongo. Jukwaa lilikuwa na ngazi, basi wanajeshi wanne walimbeba yeye na baiskeli yake kama jeneza, wakamtua juu akitazama pazia.

"Vijana, nigeuzeni basi!"

"Amri ilikuwa kupandisha tu, dada," akajibu mmoja kwa adabu. "Kugeuza hatukuagizwa."

Waziri alitangaza kwamba kila mtu amekuwa wa kwanza. Kuwa wa pili, alieleza, huumiza moyo, na usalama wa moyo nao ni usalama. Kwa hiyo maeneo yangegawiwa na Wizara. Bonde akapewa mpwa wa mtu fulani, kijana ambaye hakuwa na baiskeli wala nia ya kuinunua. Hatimaye Waziri akaweka mkono juu ya bega la Siwatu, kamera zikasogea.

"Na dada yetu huyu, kielelezo cha uwezo, tunampa eneo la heshima kuliko yote. Tunampa Kilima! Tena tunamteua kuwa Tarishi Maalumu wa Wizara yangu. Ulimwengu utamwona akipanda, nao utasema, naam, Tengamano inafikika!"

"Mheshimiwa, siwezi kupanda kule," Siwatu alisema.

"Mnamsikia unyenyekevu wake?" Waziri akaiambia kamera.

"Si unyenyekevu. Ni mteremko."

Bendi ikapiga.

*

Jioni ile, kwenye gereji ya fundi baiskeli kule Bonde, matarishi walikaa juu ya matairi. Kofia za Waziri zilikuwa zimerundikwa pembeni. Fundi alikwisha otesha mchicha katika mbili.

"Tufanye Mfukuzano wetu," Makoba akasema.

"Watatukamata," akajibu Selebi, kijana mwenye baiskeli nyepesi na miguu mirefu kama korongo. Yeye ndiye aliyetarajiwa kumrithi Makoba.

"Watakukamata kwa kosa gani? Kupeleka mzigo haraka? Tutaufanya siku ya kazi, mchana, na mabegi mgongoni. Nani atatutofautisha na siku nyingine?" Akaugusa mkono wake uliofungwa. "Mimi sikimbii. Nitataja vituo na nitaamua. Atakayeshinda ndiye mwenye Bonde, na yule mpwa wa watu abaki na picha."

Selebi akamgeukia Siwatu, akacheka kwa meno yote. "Dada Siwatu, ukifika utanikuta nimekwisha oga."

"Oga mapema, mdogo wangu. Usije ukanusa jasho la aliyekupita."

Walicheka, hata yeye alicheka, lakini usiku kucha mabega yalimuuma kwa mawazo tu. Kutoka hapo gerejini hadi Stesheni ni tambarare. Kutoka Stesheni hadi Hospitali Kuu ni tambarare. Lakini Makoba alipotaja kituo cha tatu hakumtazama usoni, kwa kuwa kituo cha tatu kilikuwa lango la Wizara ya Usalama na Ufikivu, juu Kilimani. Ndivyo mila ilivyotaka. Lazima Kilima kipandwe, maana kuna siku mzigo utakwenda huko. Siwatu hakuomba abadilishiwe. Angeomba, angekuwa amerudi jukwaani.

*

Habari za Mfukuzano zilivuja, kama kila kitu kinavyovuja Tengamano isipokuwa mabomba ya maji safi. Askari wa usalama barabarani wakamwagwa jijini na amri ya kusimamisha kila baiskeli yenye dalili ya kutaka kufika.

Siku ilipofika, mbele ya gereji, Makoba alishusha mkono wake mzima, kundi likafumuka. Selebi alitoweka kabla vumbi halijainuka. Siwatu alizungusha pedali hadi mnyororo ukaimba, akapenya kati ya mikokoteni, akalizunguka duka la vitenge kwa uchochoro wa nyuma, watu wakiruka pembeni na kumlaani kwa mapenzi.

Kwenye njia panda ya Stesheni alimkuta Selebi. Askari alikuwa amemshika usukani.

"Kengele iko wapi?"

"Hii hapa, afande."

"Ilie."

Ikalia.

"Mbona inalia kwa haraka hivyo?"

Siwatu alipunguza mwendo, akijua zamu yake imefika. Askari akamwona. Papo hapo uso wake ukalainika kama uji. Akainua mikono yote miwili, akayasimamisha magari ya pande zote.

"Mpisheni mgonjwa!" akaamuru. "Pita, dada. Pole pole. Unakwenda kliniki?"

"Nakwenda kukimbia Mfukuzano, afande," Siwatu akasema, kwa kuwa alikuwa amekasirika.

Askari akacheka hadi akashika mkanda. "Mungu akuzidishie ucheshi huo. Pita, mama."

Akavalishwa mpira wa Stesheni. Hospitali Kuu ikawa vivyo hivyo; askari wawili waliokuwa wamewalaza matarishi watatu kifudifudi walimsimamishia lori la mchanga ili apite. Siwatu alipita akiwa na machozi ya hasira. Angetaka kusimamishwa. Angetaka, japo mara moja, mtu mwenye sare amtazame amwone mshindani, mhalifu, mtu wa kuogopwa mwendo wake. Lakini Bonde lilikuwa Bonde, na hasira hailipii mtu tambarare. Akakaza.

Kisha Kilima kikasimama mbele yake. Alikianza kwa kupinda kushoto na kulia kama nyoka, gurudumu la mbele likitaka kurudi lilikotoka. Hajafika hata robo, alihisi baiskeli imekuwa nyepesi. Akageuka. Askari mnene alikuwa ameinama nyuma yake, anasukuma.

"Afande, niache!"

"Usijali, dada. Serikali yako inakujali."

"Sijaomba msaada! Hairuhusiwi kuomba!"

"Hujaomba kabisa," askari akakubali, akihema. "Huu ni wa hiari. Nimetumwa kuzuia mbio za baiskeli, lakini siwezi kumwacha mtu akihangaika." Akampigia filimbi mwenzake, naye akaja kusukuma upande wa pili. Wakamfikisha lango la Wizara mbiombio, wakampigia saluti. Mpira wa mwisho ukaingia mkononi. Mteremko wa kurudi aliushuka peke yake, breki zikinuka, na hapo hakuna serikali iliyoweza kumkuta.

Selebi alifika gerejini muda mrefu baadaye, akiwa na karatasi za faini sita, moja ikiwa ya kukunja uso barabarani. Alipomwona Siwatu ana mipira yote alitupa begi chini.

"Huo si ushindi! Amesukumwa na polisi!"

"Na wewe umezuiwa na polisi," Makoba akasema. "Aliomba asukumwe?"

"Niliwaambia waniache," Siwatu akasema. "Walidhani nawashukuru."

"Basi. Barabara ya siku hiyo ndiyo barabara. Mimi mbona nilikutana na shimo, nikakata rufaa kwa nani? Bonde ni la Siwatu."

Selebi akapiga teke tairi, kisha akaja kumpa mkono. "Mwakani, dada, nitakuja na magongo."

"Njoo nayo. Kisha usimame chini ya dirisha usikilize watakavyokuita."

*

Asubuhi ya kazi yake ya kwanza Bonde, kasha la Siwatu lilikuwa limejaa. Vipimo vya damu vya zahanati, hati ya nyumba ya mjane mmoja, pakiti ya miwani. Juu ya vyote kulikuwa na kifurushi cha Wizara, kwa kuwa yeye bado alikuwa Tarishi wake Maalumu. Wizara ilijua hawezi kupanda Kilima, basi dereva alimteremshia kifurushi chini kwa gari, ili akipeleke kwa baiskeli mahali ambapo dereva mwenyewe alikuwa akienda. Kilikuwa kimeandikwa jina la Waziri na neno HARAKA.

Alipofika mwanzo wa Bonde alikuta nguzo.

Zilikuwa za zege, nene, zimepakwa rangi za bendera, zimepangwa kukata barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Barabara zote za kuingia Bonde zilikuwa zimewekewa nguzo hizohizo katika siku chache zilizopita, kwa ajili ya kukomesha mbio. Kati ya nguzo na nguzo palitosha mtu. Palitosha baiskeli. Baiskeli ya magurudumu matatu haikupita hata gurudumu la pili. Alijaribu hapa, akajaribu pale, chuma kikakwaruza rangi.

Upande wa pili palikuwa na zulia, utepe, viti na Waziri Pakacha. Msafara wake uliingia alfajiri, nguzo ya mwisho ikiwa bado haijasimikwa; namna magari yale yangetoka, hakuna aliyekuwa ameuliza. Bwana Chitemo alikuwapo na kipaza sauti chake.

"TARISHI WETU HUYO! KARIBU, PITA! NJIA IKO WAZI KWA WOTE!"

"Sipiti," Siwatu akasema.

Akatazamwa. Waziri akasogea hatua mbili, mtu wa itifaki akamvuta koti: kiongozi hakaribii kitu ambacho hakijazinduliwa.

"Una mkasi?" Waziri akauliza kutoka pale pale.

Siwatu akakibonyeza kifurushi. "Ni mkasi, naam."

"Basi mpe mtu yeyote anipe."

"Mheshimiwa, sheria yako inasema kifurushi cha Serikali hakibadili mikono njiani. Aliyekabidhiwa amkabidhi mwenyewe. Kinyume chake ni jela."

Waziri alimgeukia Bwana Chitemo, naye akainamisha kichwa kwa huzuni kuthibitisha. "Basi naitengua sheria hiyo kwa leo!"

"UTENGUZI LAZIMA UWE WA MAANDISHI, MHESHIMIWA," akasema Bwana Chitemo, akisahau kushusha kipaza sauti. "NA UPELEKWE WIZARANI NA TARISHI MAALUMU."

Wote wakamtazama Tarishi Maalumu, aliyekuwa ng'ambo ya nguzo.

"Binti yangu," Waziri akasema kwa sauti ya kamera, "unataka nini?"

"Nataka kufanya kazi. Ng'oeni nguzo moja."

"Haiwezekani kung'oa kitu ambacho hakijazinduliwa. Huo ni uharibifu."

"Basi zindua, kisha ung'oe."

"Mkasi unao wewe!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na mkasi umefika. Barabara ndiyo haijafika."

Nyuma yake matarishi walikuwa wanakusanyika na mabegi yao. Selebi akateremka, akakunja mikono ya shati. "Dada, sisi tupo watano hapa. Tunakunyanyua na baiskeli yako, tunakupitisha juu, yanakwisha."

Siwatu alilitazama kasha lake. Vipimo vya zahanati vilikuwa vinapata joto. Yule mjane alikuwa akingoja hati yake, na kila dakika iliyopita pale ilikuwa ikiila kazi aliyoipigania. Alitamani kusema ndiyo hata ulimi ukamwasha.

"Mtaninyanyua leo," akasema. "Kesho asubuhi? Na mchana, nikitoka na kurudi mara kumi?"

Selebi akakunjua mikono ya shati. Akachukua vipimo vya zahanati, ambavyo havikuwa vya Serikali, akapenya navyo kati ya nguzo mbio. Alirudi akachukua hati ya mjane. Wengine wakalaza baiskeli zao chini, wakakaa. Jua likapanda. Waziri, kwa kuwa kamera bado zilikuwa zinamtazama na hakuwa na mkasi, akaanza upya hotuba yake juu ya ufikivu, na alipofika mwisho akaianza tena.

Siwatu alifunga breki. Akakitoa kifurushi, akakiweka mapajani, mahali ambapo Waziri angekiona vizuri kila alipoinua macho kutoka kwenye karatasi. Kisha akaikazia macho nguzo ya katikati, akangoja ing'olewe.